Sanduku Lenye Kioo la Kuku Watatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake. Begi dogo. Alisema anahitaji wiki moja ya kupumzika. Nikamuuliza apumzike kutokana na nini. Akasema kutokana na kukaguliwa. Sikumwelewa. Tangu nistaafu, miezi mitatu sasa, nipo nyumbani kutwa kumsaidia. Juzi tu nilimwonyesha namna bora ya kukata vitunguu. Atarudi Jumapili, ama kukaa, ama kuchukua nguo zake zilizobaki. Ataamua akifika.

Nyumba imepoa. Chai nimekunywa chungu, sijui sukari inakaa wapi.

Mchana nimepata wazo. Kuku wake watatu, Kishingo, Kidoti na Mama Mkubwa, siku hizi anawapenda kuliko anavyonipenda mimi. Wanataga kwenye tenga bovu nyuma ya jiko. Limepinda, limeoza upande mmoja, aibu tupu. Nitawajengea sanduku la kutagia la kisasa. Akirudi akute trei ya mayai mezani, aone mume anajua kutunza kitu. Hawezi kuondoka tena. Tenga nimelitupa jalalani.

Jumanne, tarehe 4
Sanduku limekamilika. Mbao sikuwa nazo, kwa hiyo nimetumia mlango wa kabati la nguo. Mbao ngumu, bawaba za shaba. Kioo chake nimekigeuzia ndani ili kuku wapate mwanga.

Jirani yetu, fundi viatu, alichungulia kwenye pengo la uzio akauliza nani amefariki. Nikamweleza. Akasema kuku akitaka kutaga hupenda giza na upweke. Nikamkumbusha kuwa nimekuwa mkaguzi wa kiwanda miaka thelathini na moja. Akasema hilo mtaa mzima unalijua. Ananiita Injinia. Anadhani sijui kuwa ananicheka.

Jumatano, tarehe 5
Kishingo aliingia sandukuni saa tatu. Akaona kuku mgeni kwenye kioo. Vita. Manyoya mpaka kwenye sufuria. Kidoti akaja kuamua ugomvi, akakutana na mgeni wake mwenyewe. Mama Mkubwa alisimama mlangoni, akatazama, akaenda zake.

Kioo nimekipaka chokaa. Nimekagua sanduku kila robo saa hadi jioni na kuandika kila ukaguzi. Mayai: hakuna.

Alhamisi, tarehe 6
Kosa nimeligundua. Nilikuwa nafunua kifuniko, wanashtuka. Nimetoboa tundu ubavuni, sasa napiga chabo bila wao kujua. Saa nne Kidoti alikaa. Aliketi vizuri kabisa! Nikamtia moyo kwa maneno mawili matatu kupitia tunduni. Akatoka mbio.

Nimemenya kiazi, nikakichonga kama yai, nikakiweka ndani wapate mfano. Mama Mkubwa amekila.

Nilimpigia simu shemeji kuulizia hali ya mke wangu. Alisema dada yake amelala. Saa tano asubuhi! Alisema analala hivyo tangu Jumatatu, kama mtu aliyetoka safari ndefu. Nikamwambia amwamshe amuulize kama ana homa. Simu ikakatika.

Ijumaa, tarehe 7
Kuku hawapo. Wamepita kwenye pengo la uzio. Nilipanda ngazi nikawaona kwa fundi viatu, nyuma ya kibanda chake, chini ya rafu ya soli kuukuu. Kishingo amekaa ndani ya tenga bovu. Tenga letu, lile lile.

Nilimwita mwizi mbele ya mke wake. Akasema kilichotupwa jalalani hakiibiwi, tenga aliliokota awekee vipande vya ngozi, kuku wakamwahi. Kisha akaniletea mayai yote, manane, ndani ya boksi la viatu. Tangu Jumatano wamekuwa wakimtagia yeye, na mimi naandika hakuna. Alisema hata yeye hawezi kushona kiatu mtu akiwa nyuma ya bega lake. Mke wake akaniuliza mwenzangu anarudi lini. Nikasema Jumapili. Nilijikaza kisabuni mpaka nikafika ndani.

Nimekaa kitandani. Kabati liko wazi, nguo zake zote zinaonekana. Si nyingi. Zinaenea kwenye begi la pili. Naogopa, na hili siwezi kumwambia fundi viatu.

Jumapili, tarehe 9
Amerudi. Mayai yalikuwa mezani, nimeyapanga kwa ukubwa. Hakuyatazama. Alilitazama kabati muda mrefu. Akaenda nyuma, akaliona sanduku, akainama kwenye tundu. Akaniuliza nilikuwa nachungulia mara ngapi. Nikasema kila robo saa, na nikamletea daftari athibitishe.

Alikaa juu ya ndoo akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Kisha akasema kwa upole kuwa kuku hataki kutazamwa, na mtu pia hataki. Alisema ananipenda, ila amechoka kuishi kama bidhaa ya kiwandani. Atabaki, kwa sasa, na ninachotakiwa kufanya ni kumwacha tu. Nikasema nimeelewa kabisa.

Alikwenda mwenyewe kuliomba tenga kwa fundi viatu, akalirudisha nyuma ya jiko. Haikufika saa moja, Mama Mkubwa ametaga.

Jumatatu, tarehe 10
Mke wangu ameamka saa moja. Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo nilimuuliza kama ni kimya cha kawaida. Akasema ndiyo. Nikasubiri robo saa nikamuuliza tena. Nilipouliza mara ya tano, alichukua kikombe chake cha chai akapita kwenye pengo la uzio.

Sasa amekaa nyuma ya kibanda cha fundi viatu, gizani, karibu na soli kuukuu. Mke wa fundi amemsogezea kigoda akaendelea na kazi zake. Hakuna anayemsemesha. Anakunywa chai polepole. Ninaandika haya nikiwa juu ya ngazi.

Amenitazama. Amegeuza kigoda, sasa naona mgongo tu.

Kosa nimeligundua. Ni kiti. Viti vyetu vyote ni vigumu, nani atakaa? Kabati bado lina mlango mmoja, mbao ile ile, na kioo chake kizima. Kesho nitamtengenezea kiti cha kisasa. Nitakiweka dirishani penye mwanga, nimwone vizuri.