Figa la Tatu

Jumatatu, 1 Juni 1936
Tanuri la kiwanda cha pamba limenilipukia. Ukuta wa ndani niliukandika jana kwa udongo wa kichuguu na mawe ya ziwani niliyoyaponda. Nikawasha moto udongo ukiwa bado mbichi. Pa! Shimo kama sinia. Bwana Tayabali, mwenye kiwanda, kasema likipasuka tena kazi yangu anapewa Mutayoba, fundi wa Bukoba mwenye penseli sikioni. Huyo Mutayoba akaniamkia shikamoo kwa huruma. Sikuipenda.

Jumanne, 2 Juni
Nimekaa jikoni nikiwaza. Mke wangu Eugenia akauliza nina njaa au nina wazimu. Nikayatazama mafiga yake, kayafinyanga mwenyewe mwaka tulipooana. Moto kila siku, hata ufa hayana. Angeweza kunieleza, lakini fundi mzima nimwulize mke? Alipokwenda kuteka maji, figa moja likaingia guniani.

Jumatano, 3 Juni
Nimeliponda, nimelichanganya na udongo, nimeziba shimo. Mutayoba akauliza nimetia nini. Dawa ya babu, nikamwambia. Akaandika. Akaniomba safari hii ukuta ukauke polepole, siku tano. Nikamjibu nilianza kukandika matanuri yeye akinyonya. Ila nitangoja siku tano, maana mgongo unaniuma.
Nyumbani chungu kimeegemea tofali kama mlevi. Eugenia anamshuku jirani, Mama Luhaga. Nikamuunga mkono.

Jumanne, 9 Juni
Moto tangu asubuhi. Ukuta kimya. Tayabali kanishika mkono mbele ya watu, kanipa na matanuri mawili yaliyobaki. Mutayoba anajikuna kichwa kwa penseli.

Jumatano, 10 Juni
Mutayoba kaja nyumbani na kipande cha mchanganyiko, kamuuliza Eugenia dawa ya babu ni ipi. Eugenia kalitambua figa lake. Kacheka mpaka akakaa chini, kisha kaacha kucheka. Kasema, "Baba Masalu, hiyo si dawa. Udongo uliokwisha kuungua, ukipondwa, hauogopi moto tena. Kigae chochote kingefaa. Nyuma ya nyumba kuna lundo la vyungu vilivyovunjika, unajikwaa hapo kila siku. Ungeniuliza tu."
Ugali wangu leo mbichi upande mmoja.

Alhamisi, 11 Juni
Nimelikagua lundo. Vigae tu. Eugenia hajui siri yenyewe: figa lazima liibwe. Matanuri mawili, mafiga mawili. Mama mkwe kule Nansio anayo matatu, manene. Mwanamume haingii jikoni kwa mkwe, kwa hiyo hakuna atakayenishuku. Nimemwambia Eugenia nimemkumbuka sana mama yake. Kaguswa. Gunia nimelikunja ndani ya kanzu.