Mpira Nambari Moja wa Marehemu Iwao

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Ukungu mzito. Mazoezi ya redio kwenye uwanja wa hekalu, kama kila asubuhi. Tumenyoosha mikono, tumezungusha viuno kwa adabu ya uzee wetu, tumepumua. Mbele yetu hakuna mtu. Pale ndipo alipokuwa akisimama Iwao kutuongoza. Tangu afe mwezi uliopita haparuhusiwi kukanyagwa, mpaka zitimie siku arobaini na tisa na roho yake iondoke. Kwa hiyo wazee wazima tunaiga hewa.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili tunacheza mpira wa geti, ule wa kupitisha mipira kwenye vigeti kwa nyundo ya mti, na wazee wa Kamisawa, kijiji cha ng'ambo ya mto. Sisi siku zote ni wekundu, nambari moja, tatu, tano; weupe ni mbili, nne, sita. Mpira mwekundu nambari moja ndio unaofungua mchezo, na mwenye kuupiga ndiye nahodha. Ulikuwa wa Iwao. Mimi ni nambari tatu, miaka nenda miaka rudi, nikimfuata kama mkia. Zamu yangu imefika! Lakini Bi Fusae, mwenye umri wa miaka themanini na moja na ulimi wa msichana, kasema mpira wa marehemu hauguswi kabla ya siku zake. Kasema safari hii tucheze weupe. Na kwa weupe nani anaanza? Nambari mbili. Nani hupiga nambari mbili tukicheza wenyewe kwa wenyewe? Bi Fusae huyo huyo. Paka kaondoka, panya katawala.

Naapa Jumapili nitapiga nambari moja.

Jumanne, tarehe 21 Oktoba

Nimekwenda na ufagio kwenye banda la vifaa, nijidai nafagia majani. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua, kila mtu anajua. Nimeinama tu, Bi Fusae huyo nyuma yangu. Katokea wapi? Akaniuliza tangu lini mjane mwanamume akashika ufagio, tena kaugeuza juu chini. Nikafagia kweli, mpaka mgongo ukaniuma.

Kitu kimoja. Pale mbele, kwenye nafasi ya Iwao, umande umekatika mahali pawili. Nyayo. Ncha zimeelekea kwetu. Nadhani ni korongo. Korongo mkubwa, mwenye viatu.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba

Nimefanikiwa!

Kalenda ya ushirika wa mpunga imeandika leo ni siku ya Vuta-Rafiki. Siku kama hii watu hawaziki, kwa sababu marehemu huwavuta rafiki zake wafuatane. Lakini Iwao alishachomwa na majivu yake yako nyumbani kwake, kwa hiyo hilo halinihusu. Kwa michezo, wazee wa kale walisema siku hii hakuna anayeshindwa. Nilichotaka ndicho hicho.

Nilihitaji kitu cha kuweka badala ya mpira. Kitu cha mviringo, chekundu. Juu kabisa ya mti wa kaki wa hekalu limebaki tunda moja, la mviringo kama nyanya, lile linaloachwa kila mwaka ili liulinde mti. Mimi ningelinda nini na tunda? Nikaliangusha kwa fimbo ndefu. Nikalipaka rangi ya kucha aliyoacha marehemu mke wangu, na nambari moja nikaiandika kwa dawa ya meno. Bandani hakuna taa. Kaki liko kwenye sanduku la mipira, mpira uko ndani ya sweta langu.

Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Mpira ulikuwa na joto, kama umetoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Ni sweta.

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba

Kwenye mazoezi, redio iliposema vuta pumzi, nilisikia pumzi moja iliyozidi. Ilitoka mbele. Kisha Bi Fusae akaniuliza kwa sauti ya chini mbona nimesogea. Kutazama, nimesimama hatua moja tu nyuma ya nafasi ya Iwao. Sikumbuki kutembea.

Nikaenda kufanya mazoezi ya mpira bustanini kwangu, peke yangu. Nikapiga kuelekea kushoto. Ukaenda kulia. Ukapenya uzio, ukashika njia, ukapanda kilima. Narudia: ukapanda. Daktari kanishauri mazoezi mepesi, na mimi nikaufukuza mpira mlimani nikihema kama punda. Ukasimama mlangoni kwa Iwao.

Mjane wake, Bi Chiyono, alifungua kabla sijabisha. Hakushangaa. Chai ilikuwa tayari, vikombe vitatu, na kimoja kilikuwa kishanywewa nusu. Akasema Iwao ananiulizia kila asubuhi. Eti anasema huko aliko hana wa kucheza naye. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akataka kujua mpira nimeuchukua siku gani.

Nikamwambia. Akaweka birika chini.

"Siku ya Vuta-Rafiki?" akasema. "Yeye anakuita, na wewe ndio umeitika. Mzee Tokuji, sikio la kufa halisikii dawa."

Akanitolea mwanasesere wa kitambaa. Mtu akilazimika kuzikwa siku ile huwekewa mmoja jenezani, marehemu amchukue huyo badala ya rafiki. Akaniagiza nimlaze mwanasesere pale mbele uwanjani, nimwekee mpira pembeni, nimwambie Iwao mwenzako ndiye huyu. Leo hii. Nisipofanya hivyo nitakwenda mimi.

Niliogopa, sifichi. Lakini leo ni Ijumaa, na mechi ni Jumapili.

Jumamosi, tarehe 25 Oktoba

Nimewaza vizuri. Mwanasesere nitamweka leo, mpira nitaurudisha kesho baada ya kushinda. Hasara iko wapi?

Ila mwanasesere hana uso. Iwao macho yake yalikuwa mabovu tangu akiwa hai. Atajuaje ni nani? Bora ajue kuwa si mimi. Bi Fusae alipopata joto kwenye mazoezi aliitundika skafu yake ya zambarau kwenye uzio. Nikaichukua, nikamvika mwanasesere, nikamlaza pale mbele na kumfunika majani. Sikukaza. Nilimzungushia tu shingoni.

Si kwamba namtakia mabaya. Ni tahadhari.

Jumapili, tarehe 26 Oktoba

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Nilichungulia bandani asubuhi. Kaki halimo. Nikajisemea panya.

Bi Fusae hakutokea. Kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Nikatoa nambari moja kwenye sweta, wenzangu wakainamisha macho, wageni wa Kamisawa ni watu wa heshima, hawakuuliza. Nikapiga. Geti la kwanza! Nikapiga tena. Geti la pili, kutoka mbali, mpira ukakata kona kama una macho. Halafu nikahisi mkono ukiinua kiwiko changu. Iwao alikuwa akinifanyia hivyo hivyo, akisema Toku, kiwiko chako cha kuku. Nilimkumbuka. Nimemkumbuka sana kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Ndipo nikauliza Bi Fusae yuko wapi. Jirani yake akasema hajafungua dirisha tangu jana.

Nikaikumbuka ile skafu. Nyundo ilikuwa mkononi, sijapiga, na mpira ukaondoka. Ukatoka nje ya uwanja polepole, ukaenda pale mbele, ukasimama kwenye rundo la majani. Nikakimbia. Klabuni kwetu kukimbia ni marufuku. Nikafukua majani. Skafu ilikuwa imekazwa shingoni kwa mwanasesere, fundo juu ya fundo. Vidole vikashindwa. Nikatumia meno, na meno yangu ya bandia yakanasa kwenye sufu. Nikamwambia Iwao amwache, nikamwambia Fusae hana kosa, nikamwambia nichukue mimi. Bila meno, sijui kama alinielewa.

Fundo likafunguka. Nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Bi Fusae, shingo wazi, macho mekundu. Kumbe kitu kilimkaba usiku kucha, pumzi haipiti, akajikokota kuja kwetu, na sasa hivi tu kimemwachia. Akanitazama nimepiga magoti, meno yangu yananing'inia kwenye skafu yake.

"Mzee Tokuji," akasema, "kama mtoto wako alikuwa anaona baridi, si ungeniomba tu?"

Kamisawa wamepewa ushindi, kwa sababu nahodha wetu alitoka uwanjani. Mpira nimeuacha kando ya mwanasesere. Nimemwambia Iwao mwenzako ndiye huyu. Nililia kidogo.

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba

Mwanasesere hayupo. Kwenye umande kuna nyayo mbili kubwa, na kando yake mbili ndogo mno, zimekwenda pamoja mpaka ukungu ulipoanzia. Mpira umo sandukuni, umefutwa vumbi. Kaki liko juu ya mti, kwenye tawi lile lile, na nambari yake ya dawa ya meno.

Nimepona! Bi Chiyono kasema nishukuru, nitulie, nisiguse tena kitu cha marehemu.

Bi Fusae katangaza mechi ya marudiano. Jumatano. Tutacheza weupe, nahodha yeye. Nimetazama kalenda: Jumatano ni Vuta-Rafiki tena. Nimefikiri kwa makini, na nimeona kosa langu lilikuwa ile skafu tu. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Mpira ulikuwa unapita kila geti, na kiwiko changu kilikuwa kimenyooka.

Nimepanda kilima kumuuliza Bi Chiyono kama amebaki na mwanasesere mwingine. Kanifungia mlango. Basi nimekaa hapa nashona mwenyewe, kwa shati langu kuukuu. Huyu nimemtia uso kabisa, asije akachanganywa na mtu. Macho yamekaa vizuri. Mdomo pia. Nimemgeuza huku na huku, na kila nikimtazama ni mimi.

Si neno. Nitamvika kofia.