Meno ya Bibi Ivone na Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 13 Oktoba
Rasimu ya Kanuni imefika! Doutora Marlene, daktari wetu wa meno, ametusomea asubuhi kabla ya wagonjwa. Sisi wasaidizi, ambao mpaka leo kazi yetu ni kushika taa na kufyonza mate ya watu, tutaruhusiwa kuzuia magonjwa: kukwangua ukoga, kupaka watoto dawa ya kukinga meno, kufundisha kupiga mswaki. Kuchimba jino, hapana. Kung'oa, hapana. Sawa, wakubwa waachiwe na wao kitu.

Ila kuna tatizo. Kila kituo kitapata kibali kimoja tu cha majaribio, na sisi tuko wawili. Mimi, na Zuleica. Zuleica alinikuta kazini! Mimi ndiye niliyemwonyesha taa inawashwa wapi. Ijumaa atakuja mtu wa Tume, hao waliotunga Kanuni, kuchagua.

Nimemwambia mke wangu Cadija aanze kuniita doutor, azoee mapema. Ameuliza doutor atateka maji saa ngapi.

Jumanne, 14 Oktoba
Zuleica ameshinda kutwa kijijini Quitunda, anawafundisha watoto wa shule kupiga mswaki. Amewatungia na wimbo. Mambo ya chekechea. Mimi nimechagua njia ya wasomi: nimeisoma Kanuni yenyewe.

Kifungu cha nne kinasema msaidizi atafanya kazi daktari akiwa umbali wa kuitika. Umbali wa kuitika ni upi? Hakuna aliyepima. Nikajisemea, Nuro, wewe upime, umpe mtu wa Tume jibu mkononi, kibali ni chako.

Nikaenda nyuma kwenye tangi la maji, nikaita doutora kwa sauti yangu yote. Kimya. Nikasogea, nikaita tena. Kimya. Mara ya tatu nilipiga ukelele hasa. Kumbe kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja amekuja kung'olewa gego. Aliposikia mtu analia nyuma ya nyumba akasema jino lake limepona, akaenda zake. Wanawake wawili wakamfuata.

Doutora akatoka amekunja uso. Akasema alinisikia tangu mara ya kwanza, ila mikono yake ilikuwa kinywani mwa mtu. Kwa hiyo umbali bado haujulikani. Utafiti una vikwazo vyake.

Jumatano, 15 Oktoba
Habari mbaya. Doutora anasema mtu wa Tume atataka kuona kinywa. Kila msaidizi alete mtu mmoja ambaye amemsaidia kutunza meno. Zuleica anaye tayari: Fauzi, kijana wa Quitunda, ufizi wake ulikuwa ukivuja damu, sasa umetulia. Amemfuatilia miezi na miezi. Mwanamke huyu hana kazi nyumbani?

Mimi sina mtu. Niliyewahi kumfundisha ni shemeji yangu Rafique, na tangu nimfundishe ameng'olewa mawili.

Nilikaa kwa huzuni mpaka chakula cha mchana. Kisha akili ikaja. Kwa nini nihangaike kutengeneza kinywa wakati vipo vilivyokwisha tengenezwa? Bibi Ivone wa Mute! Bibi kizee wa Kimakonde, meno yote yamo, meupe, anavunjia korosho. Hajawahi kukanyaga kwa daktari wa meno. Kijiti chake cha mswaki kinamtosha. Namjua tangu nikiwa mtoto, alikuwa akitugawia mihogo ya kuchoma.

Nimekwenda Mute kwa pikipiki. Nimemwambia kazi ni ndogo, afumbue kinywa na anyamaze. Ameuliza mtu anafumbuaje kinywa halafu anyamaze. Tumekubaliana kwa kapulana mpya ya kujifunga, na sukari.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mazoezi. Bibi Ivone ameketi kitini kama bibi harusi. Kunyamaza hawezi, lakini kinywa kinafumbuka vizuri. Nimekariri maelezo yangu mpaka yametoka kwa ufasaha.

Zuleica akapita na ndoo. Akasimama, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Akauliza kaka Nuro, una hakika? Nikamwambia hakika ninayo ya kugawa. Akasema haya, mwenye macho haambiwi tazama, akaenda akicheka peke yake. Wivu! Ameona meno ya Bibi, ameyalinganisha na ya Fauzi, ameona ameshindwa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sijui nianzie wapi.

Mtu wa Tume ni mwanamke, dona Joana, mtu wa kusini, mara yake ya kwanza kufika huku kwetu. Alianza na Fauzi. Meno ya kawaida, moja limepinda. Dona Joana akatikisa kichwa, akaandika kidogo. Moyoni nikacheka.

Zamu yangu. Nikasema kabla Bibi hajafumbua: dona, kila jino utakaloliona humu nimelishughulikia kwa mikono yangu hii, moja baada ya moja, mpaka likawa hivi lilivyo. Nikamwashia taa. Bibi akafumbua.

Dona Joana akarudi nyuma hatua nzima, kalamu ikaanguka. Nikajua ni mshangao wa kuona kazi safi. Akaniuliza nilitumia chombo gani. Nikajibu mswaki na subira. Akauliza kama bibi huyu aliridhia. Nikasema aliridhia na kapulana juu. Akauliza kama wako wengine niliowafanyia. Hapo nikaonja utukufu. Nikasema nikipewa kibali, nitawafanyia Mute nzima, nianze na watoto!

Doutora Marlene akafunika uso kwa mikono.

Ndipo nikatazama. Meno ya mbele ya Bibi Ivone yamechongwa. Yana ncha, yote ya juu, kama walivyochongwa wasichana wa Kimakonde wa zamani zake. Wallahi sikuwahi kuyaona! Maisha yangu yote nilikuwa namwona Bibi Ivone, basi. Nani anahesabu ncha kinywani mwa bibi wa watu?

Doutora akajaribu kueleza mila. Dona Joana akasema ameelewa, sasa anataka jambo moja: ama msaidizi huyu anachonga watu meno, ama ni mwongo. Nichague. Nikaomba muda wa kufikiri.

Bibi Ivone hakungoja. Akasimama akasema meno yake yalichongwa na shangazi yake, kabla baba wa huyu kijana hajaingia jandoni, na hakuna mtoto wa mtu aliyeyagusa tangu siku hiyo. Akadai sukari yake hapo hapo.

Dona Joana alitaka kituo kizima kinyimwe kibali. Doutora akaomba, akawataja watoto wa Quitunda, akaomba tena. Mwishowe kibali kikatoka, cha Zuleica. Mimi narudi kwenye taa, na nikiishika nisiseme neno.

Niliumia. Nasema wazi, niliumia sana. Zuleica hakunicheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Novemba
Kanuni iliyorekebishwa imefika. Doutora akasoma, akafika kifungu cha tisa, kipya kabisa, akanitazama. Msaidizi haruhusiwi kuchonga, kunoa wala kubadili umbo la jino, hata kwa ridhaa ya mgonjwa. Zuleica akakohoa. Mfagiaji akatoka nje kucheka.

Aibu ilinishika mpaka adhuhuri. Baadaye nikafikiri vizuri. Kila msaidizi atakayeshika Kanuni hii, mpaka huko Maputo, atasoma kifungu cha tisa. Kimeletwa na nani? Zuleica ana kibali, kinaisha baada ya mwaka. Mimi nimo ndani ya sheria!

Nimemweleza Cadija. Amesema hata mwizi yumo ndani ya sheria. Cadija hakusoma mambo haya.

Na habari tamu zaidi: dona Joana atarudi mwezi ujao kukagua maendeleo. Huko Mocímboa da Praia yuko mjomba wangu Aiuba. Meno yake yamepangika, yanang'aa, sasa hivi nimempigia simu akaniambia hana hata moja linalouma. Yote ya bandia. Ncha hakuna, nimeuliza mara mbili. Kesho naenda kumchukua.