Kiwambo cha Kuazima

Jumanne, 3 Oktoba

Mkutano wa kikundi cha msako, jikoni kwa Aune Heikura. Kahawa, maandazi ya iliki. Kisha habari: kituo cha kuvizia cha Lintusuo kiko wazi. Mzee Tauno ameshindwa na goti.

Lintusuo! Hakuna kinamasi kingine kama hicho. Hirvi, wale paa wakubwa wa misitu yetu ya kaskazini, hupita pale na mapembe yao kama watu waendao sokoni. Na mimi misimu miwili mfululizo nimefungiwa kwenye kibanda cha msituni, namenya viazi vya supu ya kikundi, huku wenzangu wamekaa porini na bunduki. Nasikia milio kwa mbali na kukoroga.

Aune ndiye mkuu wa msako. Haongei sana, na akiongea mjadala umekwisha. Kasema Lintusuo ni yangu nikifaulu mtihani wa shabaha Jumamosi, maana cheti changu kimepitwa na muda. Nikishindwa, supu. Akaongeza sharti la kila mwaka: haingii mtu porini bila kiwambo cha kuzuia sauti kwenye bunduki, kwa ajili ya masikio ya mbwa. Na viwambo vyote vifunguliwe, vifutwe na kukaguliwa kabla ya msimu. Alisema hayo akinitazama mimi. Nikatazama andazi.

Jirani yangu Ensio Moilanen aliitikia kwa kichwa, kama kawaida yake. Huyu bwana hufungua kiwambo chake cha titani kila atokapo porini, akakisimamisha kwenye kigingi karibu na jiko kama soksi ya mtoto mchanga. Mimi changu, cha alumini, nilikifunga siku nilipokinunua, na hapo ndipo kilipo. Kiwambo si meno ya bandia ya kuvuliwa kila jioni.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimejaribu kukifungua. Hakifunguki.

Nimejaribu kwa mkono, kwa kitambaa, kwa glovu ya mpira, kwa matusi. Masizi na unyevu wa miaka vimekigandisha kwenye mtutu. Nikakumbuka kwamba chuma kikipata joto hulegea. Nikawasha sauna.

Hilkka, mke wangu, akaja kuoga akakuta bunduki imelala benchi la juu, imefungwa taulo. (Haikuwa na risasi. Mimi si mwendawazimu.) Aliitazama kitambo, akauliza kama mgeni angependa na bia. Kisha akasema niende kwa Ensio, ana vifaa na ana subira. Nikamwambia afadhali nikile hicho kiwambo.

Mwishowe nilitumia jiliwa na spana malaya. Kikatoka, kikitoa mlio wa mlango wa kanisa. Ndani mlikuwa na maji meusi, masizi magumu, na buibui aliyekufa zamani. Nje kina alama za meno ya spana, lakini hirvi hatazami hayo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Leo nimekuwa na akili sana.

Ensio husugua masizi kidogo kidogo, kwa dawa iliyoandikwa kwamba haili alumini. Anapoteza jioni nzima. Mimi nimefikiri: kitu gani hapa nyumbani huondoa masizi sugu? Dawa ya kusafishia oveni! Nimejaza ndoo, nimezamisha kiwambo, nimekwenda kazini. Mimi huendesha gari la maktaba, na Alhamisi huzunguka vijiji vyote vya upande wa ziwa.

Nimerudi nimekuta ndoo nje uani. Hilkka alisema ilianza kuchemka yenyewe na kutoa moshi, naye hakupenda kubaki nayo ndani. Nimekitoa kiwambo kwa koleo. Masizi yameisha kabisa! Rangi pia imeisha. Kimekuwa cha kijivu na kina vishimo vishimo kama jibini. Ila kimekuwa chepesi mno. Nadhani sasa ni chepesi kuliko cha titani cha Ensio, na watu huuza ng'ombe kupata wepesi wa namna ile.

Ijumaa, 6 Oktoba

Tatizo dogo. Dawa imekula pia nyuzi za skrubu ndani ya kiwambo. Nikikifunga kwenye mtutu kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nimelitatua. Nimezungusha ule utepe mweupe wa mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka, nikakaza. Hakichezi tena. Kimeinama kidogo upande wa kushoto, lakini ukiinamisha na kichwa hakionekani kuinama.

Aune alipiga simu. Aliuliza kama nimekikagua: nimeondoa risasi zote, nimepitisha ufito mnyoofu ndani ya mtutu hadi nje, nimeona unatokea katikati ya tundu la kiwambo. Nikajibu ndiyo. Sikudanganya sana. Nilimaanisha ndiyo, nimesikia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Uwanja wa shabaha, baridi, kikundi kizima kimesimama nyuma ya mstari na vikombe vya kahawa. Risasi nne zinatakiwa, zote ndani ya duara la hirvi wa karatasi. Ya kwanza ndani. Ya pili ndani. Ya tatu ndani! Nilimwona Ensio ameinua nyusi. Nikajiona niko Lintusuo, nimeketi, jua linachomoza.

Ya nne ilitoka pamoja na kiwambo.

Kiliruka mbele, kikageuka hewani mara kadhaa kwa utaratibu, kikaanguka kwenye majani, na utepe mweupe ukakifuata nyuma kama mkia wa tiara. Hakuna aliyeumia. Karatasi ilikuwa na matundu matatu. Mtu mmoja alikunywa kahawa nikamsikia anavyomeza.

Aune alisubiri bunduki zote zifunguliwe, akaenda akakiokota. Akakiinua akachungulia ndani kama mtu anayetazama darubini.

"Veijo," akasema, "humu naona mbingu mahali pawili."

Risasi ilikuwa imegonga ukuta wa ndani na kutokea ubavuni. Nikasema ni kasoro ya kiwandani. Akanirudishia mkononi. Akasema mtihani unarudiwa Jumatano, na asiye na kiwambo kizima asisumbuke kuja. Nimerudi nyumbani nimeona gunia la viazi mlangoni, nimelipiga teke. Limeniumiza kidole.

Jumapili, 8 Oktoba

Niliamka nimekata tamaa, na nasema wazi, nililia kidogo nikiwa bandani. Msimu wa tatu wa kumenya viazi. Watoto wa kijiji wanadhani mimi ni mpishi.

Saa ya kahawa akaja Ensio. Mkononi ana kifurushi cha flana. Akakiweka mezani bila kuketi. Kiwambo chake cha titani!

Nikamwuliza anataka nini. Akasema hataki kitu.

"Nyuzi za mtutu wako ni nzima, ni za chuma," akasema. "Kilicholiwa ni alumini. Nitazisugua, hiki kitaingia."

"Na wewe utatumia nini?"

"Tutaona."

Akaketi, akatoa kiburashi cha shaba, akasugua nyuzi hadi zikang'aa. Akanionyesha kila kitu kana kwamba mimi ni mjinga: funga kwa mkono, bila utepe wowote, hadi kikae sawasawa kwenye bega la mtutu. Pitisha ufito. Kaza tena kila baada ya risasi chache, maana joto hulegeza. Ukimaliza, kiache kipoe, kifungue, kisimamishe kikauke. Usikifungie kwenye mkoba kikiwa na maji. Alisema hilo la mwisho mara mbili, polepole, akinitazama machoni.

Nilimshukuru. Alipotoka nilianza kujiuliza anapanga nini.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimefaulu. Zote nne ndani.

Aune aliangalia karatasi, akaangalia kiwambo, akamwangalia Ensio. Akasema, "Lintusuo." Nilitaka kurukaruka, lakini kwetu haturukiruki. Nilisema, "Sawa."

Usiku nilikifungua, nikakifuta, nikakisimamisha karibu na jiko. Hilkka alikuja akakifunika kwa soksi. Sikucheka.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeelewa mpango wake. Aune amegawa vituo kwa simu. Ensio hana kiwambo, kwa hiyo hawezi kuingia porini. Ensio atapika supu.

Kumbe alijua tangu Jumapili. Hilkka anasema huo unaitwa ukarimu, na kwamba Ensio alimwambia hakuna mtu anayestahili kukaa kibandani misimu mitatu. Mimi nasema mtu hatoi titani bure. Lakini nitakuwa Lintusuo! Nimeangalia viatu, chupa ya kahawa, mkate mweusi. Yeye na amenye.

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku yangu kuu.

Theluji yenye maji tangu alfajiri. Nimeketi Lintusuo. Nimekagua kiwambo, nimekaza, kiko imara. Mbwa akabweka mbali, kisha karibu. Hirvi dume akatoka kwenye miti, mkubwa, mtulivu, akasimama ubavu. Nikalenga nikapumua nikapiga. Risasi moja, sauti ndogo kama mtu aliyefunga kitabu. Akaanguka palepale. Niliinuka kwa haraka hadi nikamwaga kahawa. Nilifurahi mno, nikasema asante kwa sauti, ingawa sikuwa na mtu.

Nilirudi kibandani nikitembea polepole, ili wapate muda wa kujiandaa kunipongeza. Wote walikuwa mezani. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wanakula.

Aune alimaliza bakuli, akalifuta kwa mkate, akampelekea Ensio sufuriani akaongezwa. Aune! Misimu miwili nimempikia, hajawahi kuongezwa. Nikaonja. Ensio alikuwa ametia krimu. Krimu, kwenye supu ya msako! Na majani ya bizari. Na viazi vyote vilikuwa na ukubwa sawa.

Nikasema nimepata dume mkubwa. Mzee Tauno, aliyeletwa kwa gari ili ale tu, akasema vizuri sana, nisogeze chumvi.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikulala. Aune alipiga simu asubuhi. Alinipongeza kwa risasi safi, kisha akasema Lintusuo ni yangu daima, sihitaji tena kuhangaika, kwa kuwa Ensio amekubali kubaki jikoni. Amekubali! Alisema anapenda utulivu wa kule. Sasa ni wazi kama mchana. Tangu mwanzo alikuwa anaitaka sufuria yangu, na titani ilikuwa chambo.

Nimeula wa chuya. Nitakaa kwenye kinamasi chenye baridi maisha yangu yote, nikinusa krimu kwa mbali, na watu watasahau kwamba supu ya hirvi ya kikundi hiki ilijengwa na mimi. Hilkka amenikumbusha kwamba nilipiga teke viazi. Nimemwambia hiyo ilikuwa baina yangu na viazi.

Nina mpango. Jumamosi ijayo nitaamka kabla yake, nifike kibandani kwanza, na sufuria yangu ya chuma ya marehemu mama, na siagi, na uyoga. Nimekwisha anza kufanya majaribio na jiko lote limechukuliwa.

Ensio amepiga simu mara mbili kuuliza kiwambo chake kinaendeleaje. Nimemwambia kinaendelea vizuri. Kimo kwenye mkoba, juu ya bunduki, kabatini, jinsi nilivyotoka nacho kwenye theluji. Kitakauka chenyewe. Mimi sina muda wa kufuta mabomba ya watu wakati nina vita jikoni.