Bawaba ya Mlango wa Mzee na Hataza ya Kifuniko cha Pipa

Kwa Msajili wa Hataza,

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote. Mimi ni wakili wa hataza, na kabla ya hapo nilikuwa mhandisi wa mitambo. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika hataza, yaani karatasi za kulinda uvumbuzi, za watu wengine. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nilileta kwako uvumbuzi wangu mwenyewe: bawaba yenye springi na kipande cha raba, inayozuia mlango usijibamize. Mkaguzi wako ameukataa. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mkaguzi anasema bawaba yangu si jambo jipya, kwa kuwa ipo hataza ya miaka kumi na mmoja iliyopita, ya bwana mmoja mwenye kiwanda cha mapipa ya taka. Bwana huyo alivumbua kifuniko cha pipa kinachoshuka polepole, basi. Lakini hataza yake inadai "kifaa chochote kinachopunguza mwendo wa kitu chochote kinachojifunga, kiwe kifuniko, mlango, dirisha au kinginecho." Kinginecho, Mheshimiwa! Kope zangu nazo hujifunga. Je, nikitaka kusinzia nimwombe ruhusa mwenye mapipa?

2. Wakili aliyeiandika hataza hiyo alikuwa mlafi wa maneno. Fundi hupima ndipo akate. Yeye alikata bila kupima. Nayajua haya kwa sababu wakili huyo ni mimi. Siku ilipokubaliwa, ofisini tulikula keki, na bosi akasema nimempa mteja dunia nzima.

3. Naomba wakili huyo achukuliwe hatua, wala asihurumiwe kwa kuwa ni mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema afukiwe humo.

4. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa pampu. Sasa anaumwa, na mlango wa chumba chake ulikuwa ukijibamiza kila upepo ukivuma, naye akishtuka. Kila nikienda kumwona huniuliza, "Sasa wewe mwanangu, katika yote hayo unayoandika, umetengeneza nini?" Mwezi uliopita nilimfungia bawaba ile nikamwambia, hiki hapa. Aliufungua mlango na kuuachia mara nane, akicheka peke yake. Nikamwahidi cheti chenye jina langu. Inaniuma, Mheshimiwa, sitaki kuficha.

5. Hivyo naomba uifute hataza ya pipa. Ikishindikana, utambue rasmi kwamba mimi wa wakati ule ni mtu mwingine. Hilo nalo likishindikana, wahandisi wapigwe marufuku kusomea sheria, maana wakishaijua huacha kutengeneza vitu wakaanza kuvizuia.

Wasalimie makarani wote wa masjala, na mkaguzi wako pia. Barua yake ilikuwa sahihi kila mstari, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Wako, ninayesubiri jibu kwa hamu na hofu kidogo,

Wakili wa Hataza (Mhandisi, zamani)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mwenye mapipa amenipigia simu. Amesoma orodha yenu ya maombi, akaona kuna bawaba inayoingilia haki yake, anauliza kama hataza yake ina nguvu. Yeye ni mteja wangu. Nimemjibu kwa maandishi, na sahihi nimetia, kwamba haitikisiki, na kwamba bawaba yoyote ya aina hiyo iondolewe mara moja. Tafadhali barua hii isiwekwe kwenye jalada lake. Ile ya Mzee nitaing'oa Jumamosi, akiwa amelala.