Plota ya Jagdish na Ugonjwa wa Lugha

Onyancha alipoiona plota ya Jagdish, alisahau kabisa kwamba ameingia katika duka hilo la michoro kuuza saa mbovu. Mashine ilikuwa ndefu kama kitanda cha wageni, na kalamu zake zilikuwa zikikimbia juu ya karatasi, zikichora ramani ya kiwanja kimoja cha Sironga. Ulikuwa mwaka wa 1995, na mjini Kisii hakuna mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho. Onyancha alimjua mtu aliyekitamani: Kemuma, mpima mashamba wa Nyamira, aliyekuwa akituma michoro yake ikachapwe Nairobi. Jioni hiyohiyo akaenda kwake, akamwahidi plota, akapokea malipo ya awali.

Kesho yake alirudi kwa Jagdish amevaa koti jeupe, miwani isiyo na vioo, na cheo cha mhandisi. Bahati ilikuwa imemtangulia. Jagdish alikuwa amenunua kompyuta mpya ya aina nyingine, na kila alipoiamuru plota ichore kutoka humo, ilitoa herufi tupu: PU, PD, PA, mstari baada ya mstari. Kompyuta ya zamani pekee ndiyo iliyoelewana nayo. Mzee alipotoka kuagiza chai, Onyancha akageuza swichi ndogo nyuma ya mashine. Sasa hata kompyuta ya zamani ikaambulia herufi.

Onyancha akaipapasa plota kama anayepima homa.

"Mzee Jagdish," akasema kwa sauti ya matanga, "hii imeshikwa na ugonjwa wa lugha. Kompyuta mbili zimeisemesha kwa lugha mbili, ikachanganyikiwa. Na ugonjwa huu unaambukiza."

Jagdish akachukua kikokotoo chake mezani, akakificha mfukoni. Mhandisi akajitolea kuiondoa mashine mjini, na kwa kuwa hakupenda kumwacha mzee mikono mitupu, angemwachia pikipiki yake.

Leela, binti Jagdish, ndiye aliyekuwa mchoraji wa duka. Muda wote alikuwa akichonga penseli. Alimshauri baba yake akubali, mradi mhandisi atie sahihi kwamba ameuona ugonjwa na ameuchukua pamoja na mashine. Onyancha akatia sahihi kwa madaha, mkia wa jina lake ukifika ukingo wa karatasi. Plota ikapakiwa kwenye pikapu juu ya mikungu ya ndizi, safari ya Nyamira.

Ofisini kwa Kemuma, Onyancha aliirudisha swichi mahali pake, akaunganisha waya, akamwomba Kemuma abonyeze. Kompyuta ya Kemuma ilikuwa ya aina ileile mpya. Plota ikanguruma, ikatoa PU, PD, PA. Onyancha akageuza swichi huku na huko hadi ikamkatikia vidoleni.

Kemuma akapiga simu dukani kwa Jagdish, Kisii. Leela akamweleza kwa upole kwamba mashine ile haijui kompyuta nyingine isipokuwa ya zamani ya dukani, kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta mtu wa kuichukua, na kwamba plota mpya, inayoelewana na kompyuta zote, ingefika Ijumaa.

Onyancha akarudi Kisii mbio, na kwa kuwa sahihi yake ilimzuia kuirudisha plota, akaomba auziwe ile kompyuta ya zamani.

"Nayo imeambukizwa, mhandisi," Leela akasema. "Dhamiri yangu hainiruhusu kumuuzia mtu ugonjwa."

Malipo ya Kemuma yalikuwa yameshaliwa, na Kemuma alikuwa na kaka watatu, wavunja mawe. Kwa hiyo yakapatikana mapatano: michoro ya Kemuma ingechapwa kwa Leela, na Onyancha angeibeba kwenye disketi, Nyamira hadi Kisii, mpaka deni liishe. Pikipiki aliazimwa na Jagdish, mafuta juu yake mwenyewe.

Deni liliisha Agosti. Leela, aliyeridhika na kazi yake, akamwomba aendelee kwa ujira, akampa noti ya kwanza. Onyancha akaigeuza, akaimulika juani, akatafuta ilipoghushiwa. Alipokosa, mkono ukaanza kumwasha kama aliyeshika upupu, akakaa ngazini kwa Jagdish hadi adhuhuri, akiwa hajui mtu huumwa nini anapolipwa kwa haki.