Picha ya Karibu na Lifti

Jumatatu, 2 Februari

Theluji hadi magotini. Gari halikuwaka. Hayo madogo. Habari kubwa: Profesa Wojcik anaachia aota!

Kasema asubuhi mkutanoni, donati mdomoni, kama mtu anayetangaza kuhamisha kiti. Tangu nijiunge na hospitali hii ya kufundishia, aota ni yake: mshipa mkuu utokao moyoni, baba wa mishipa yote. Sasa amechoka. Mrithi atamtaja Ijumaa ya wiki ijayo, kwenye chakula chetu cha samaki wa kukaanga. Hapa Milwaukee mambo mazito yote husemwa mbele ya samaki.

Tunaofaa ni wawili. Mimi, na Dkt. Anneliese Brandvold. Brandvold ni bingwa wa mishipa iliyoziba miguuni. Ana mikono mizuri. Nakiri. Nakiri humu tu.

Mimi ni bingwa wa mishipa iliyovimba. Ile ya bluu, iliyojiviringa kwenye shavu la mguu kama nyungunyungu baada ya mvua. Wagonjwa wangu ni walimu, wasusi, wapishi, kila mtu anayekula jasho lake kwa kusimama. Hawafi. Hawazimii. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kushika pumzi akinitazama nikifanya kazi.

Halafu kuna zile picha. Koridoni tumetundikwa sote, kila mpasuaji na utaalamu wake chini ya kidevu. Aota ndiyo ya kwanza, karibu na lifti, anayeshuka haikosi. Yangu ya mwisho, baada ya pipa la taka, mlangoni pa choo. Kwa masikio yangu nimemsikia Bernadette, katibu wetu, akimwelekeza mgeni: nyoosha tu, baba, ukimwona Daktari Tesch umefika.

Nataka lifti.

Jumanne, 3 Februari

Nimepata mbinu. Nzuri mno! Kwa nini Profesa hanifikirii aota? Kwa sababu kila akipita, mlangoni kwangu wamejipanga wenye soksi za kubana mishipa. Dawa yake: niwahamishe. Wahamie wapi? Kwa Brandvold! Abaki yeye na uvimbe, mimi nibaki na nafasi.

Leo kila aliyeingia nimemwambia kwamba kwa mguu wa namna hii, hapa Wisconsin kuna mkono mmoja tu, nao si wangu. Bibi mmoja mpishi wa shule alitokwa na machozi kwa unyenyekevu wangu.

Bernadette kauliza kama naumwa.

Jumatano, 4 Februari

Sehemu ya pili ya mbinu: kunuka aota. Mtu wa aota hutembea polepole, mikono nyuma. Nimetembea hivyo. Nimechelewa mikutano miwili.

Kwenye kahawa, Feldkamp kalalamikia theluji. Nikamwambia barabara kuu ya jiji ni kama aota, ikiziba pale juu vitongoji vyote vinakufa ganzi. Kanitazama shingoni kwa huruma. Lakini Feldkamp ni bingwa wa mishipa ya shingo, humtazama kila mtu shingoni. Tumefanya kazi pamoja miaka yote hii na hajui rangi ya macho yangu. Ndivyo tulivyo katika idara hii, kila mmoja humtazama binadamu pale anapopatengeneza. Brandvold ukimsalimu anajibu viatu.

Jambo moja niandike hapa kisha nilifunike. Mguu wangu wa kushoto una mishipa iliyovimba. Mikubwa. Ningemwona mgonjwa nayo ningempangia tarehe papo hapo. Kila asubuhi mke wangu Marlys huvaa glavu za kuoshea vyombo na kunivuta soksi ya kubana, mimi nimeng'ang'ania kitanda. Marlys anaendesha basi la shule, ana mikono. Leo kaniambia, mume wangu, wewe ni kama kinyozi mwenye chawa.

Nimemjibu kwamba wahenga walisema mganga hajigangi. Kanijibu kwamba wahenga walikuwa wanalalamika, hawakuwa wanatoa ushauri.

Ijumaa, 6 Februari

Mbinu imefanikiwa kupita kiasi. Kliniki ya Brandvold imefurika mpaka kwenye ngazi. Na wanampenda! Mke wa mwenyekiti wa bodi kamletea keki ya lozi, kubwa kama usukani. Wasusi wamemsuka. Kliniki yangu haina mtu. Bernadette kaleta sufu, anafuma.

Profesa kapita, kachungulia kwangu, kachungulia kwake, kasema mbele ya wote: huyu binti hachagui mgonjwa, na mpasuaji asiyechagua ni mpasuaji. Kala na kipande cha ile keki.

Nikadhani nimekwisha. Lakini kageuka mlangoni. Jumanne kuna aota kubwa, ya dereva mstaafu wa treni, imetuna tumboni kama puto. Tutasimama naye wote wawili, mimi kulia, Brandvold kushoto. Kasema anataka kutuona tukisimama.

Mtihani! Nimeenda chooni kujitazama kiooni. Njiani nimepita picha yangu. Nimeiambia ivumilie.

Jumapili, 8 Februari

Tatizo. Suruali za chumba cha upasuaji zilishonwa kwa ajili ya watu wafupi. Kwangu huishia juu ya kifundo. Soksi itaonekana. Na ataiona nani? Mtu yule yule anayesalimiana na viatu. Brandvold akijua kwamba mguu wangu hauwezi kusimama, Profesa atajua kabla ya chai.

Basi bila soksi. Siku moja tu. Mguu hautajua.

Marlys anasema mguu utajua.

Jumanne, 10 Februari

Naandika nikiwa nimelala, mguu juu ya mito mitatu. Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi Marlys kanivuta soksi kwa nguvu za kulipiza. Kwenye maegesho ya hospitali, ndani ya gari, baridi ya kukata masikio, nikazivua. Nikazificha chini ya kiti.

Nilisimama vizuri. Niandike hilo. Profesa kafungua, kabana mshipa juu na chini, kaanza kushona bomba jipya la kitambaa. Nilishika nilichoambiwa nishike. Mguu ukaanza kunguruma, nikaupuuza. Muuguzi kasogeza kile kigoda cha chuma cha kukanyagia. Kona yake ikanigonga kifundoni, pale pale kwenye nundu kubwa.

Kitu cha moto kikateremka kiatuni.

Naujua moto ule. Nimewafundisha wanafunzi juu yake: mshipa uliovimba ukipasuka hauumi, unamwagika tu, mlaze mtu chini, inua mguu, bonyeza. Mtoto wa chekechea anaweza. Ila lazima mtu aseme.

Sikusema. Profesa alikuwa amenisifia mshiko wangu muda si mrefu.

Muuguzi ndiye aliyesema. Profesa, kuna damu sakafuni.

Profesa kaacha kushona. Kapekua mshono wa juu: mkavu. Wa chini: mkavu. Kapekua nyuma, pembeni, chini ya matumbo. Mtu wa dawa za usingizi kaagiza damu. Profesa ametokwa jasho, anauliza jamani inatoka wapi, inatoka wapi! Mimi nami nikainama kutafuta. Nilitafuta kwa bidii sana. Nilipendekeza tuangalie upande wa figo.

Brandvold alikuwa ameshatazama chini.

Kasema kwa upole, Profesa, mzee ni mkavu kabisa. Anayevuja ni Tesch.

Nimelazwa sakafuni, kisigino juu ya kile kile kigoda, mwanafunzi kanibonyeza kifundo sawasawa na nilivyomfundisha. Juu yangu wameendelea. Dereva wa treni anaendelea vizuri, ameshaomba supu. Ndoto yangu ilikuwa kuikaribia aota. Nilikuwa chini yake kabisa.

Alhamisi, 12 Februari

Kila Alhamisi tuna mkutano wa makosa. Sheria ya Profesa: damu yoyote iliyomwagika bila kutarajiwa lazima ielezwe mbele ya idara nzima, na aliyehusika. Nilimnong'oneza kwamba damu hii haikuwa ya mgonjwa. Kasema ilianguka kwenye sakafu yangu, kijana, panda jukwaani.

Nikapanda. Nikaeleza kitaalamu, kwa mbali. Mgonjwa ni mwanaume, mwenye umri wa kati, mwenye heshima zake, mishipa imevimba kwa muda mrefu.

Mwanafunzi kauliza kama mgonjwa alikuwa amevaa soksi. Nikasema alizivua. Wapi? Kwenye gari. Kwa nini? Mgonjwa hakueleza. Mwingine kauliza kama mgonjwa alipata kuelimishwa madhara yake. Nikasema mgonjwa ndiye mwandishi wa kile kijitabu cha maelezo. Nyuma mtu kapaliwa na kahawa.

Feldkamp kauliza mgonjwa alihisi damu lini. Nikatazama dari. Nikasema mgonjwa alihisi mapema. Na alisema lini?

Hakusema, nikasema.

Hapo hawakucheka. Ningependelea wacheke.

Ijumaa, 13 Februari

Samaki walikuwa wazuri. Aota kapewa Brandvold.

Profesa kanivuta kando, karibu na bakuli la kabichi. Kasema kilichoniangusha si mguu, maana miguu yetu sote ni mibovu. Yeye mwenyewe huvaa soksi hadi mapajani tangu enzi za ujana wake, na suruali huongezewa upindo na fundi wa nguo za hospitali kwa kuombwa tu. Kwa kuombwa tu! Kisha kasema: mshipa unaovuja nauweza, Tesch. Mtu anayevuja akanisaidia kutafuta, huyo simwezi.

Maneno mazito. Nimeyaandika ili niyatafakari.

Wagonjwa wangu wanarudishwa wote Jumatano. Keki hazirudishwi.

Jumatatu, 16 Februari

Asubuhi Brandvold kanichoma ule mshipa kwa waya wa moto, kazi safi, bila maumivu. Kamaliza kaniambia, akiutazama mguu: kaka, usizivue hizi soksi hata kwa saa moja. Nikamwambia, dada, mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo. Kacheka. Mtu mwema. Nimeanza kumshuku.

Picha zimehamishwa. Yeye lifti. Pengo lake katikati likabaki wazi, nikauliza kama naweza kusogezwa hapo. Bernadette kakataa katakata. Wageni watapotea, kasema, watapita choo wafike jikoni.

Lakini! Mchana, kwenye kahawa, Feldkamp kadokeza kwamba kiangazi kikija anastaafu. Shingo itakuwa wazi. Na shingo ni picha ya pili kutoka kwenye lifti!

Nimetembea mbele yake nimeinua kidevu. Nimenunua tai ya kipepeo. Keshokutwa ana upasuaji na amekubali nisimame naye, nionekane. Nimempigia Bernadette: wale wenye mishipa iliyovimba wanaorudi Jumatano, awapeleke kwa Brandvold tena, yule mama ana mkono wa ajabu.

Fundi wa nguo kasema upindo utakuwa tayari Ijumaa. Si neno. Soksi nitaziacha kwenye gari, chini ya kiti. Feldkamp hajawahi kumtazama mtu chini ya kola.